Mawese mu kamera ya muzee

Nilisoma miaka ine tu. Halafu wakaniweka kwa mashini ya kushona, na ile mashini njo ilinifundisha mengine yote. Kwa hiyo mutu asitafute hapa maneno ya mwalimu. Nitasema tu namna nilivyoharibu kitu cha bwana wangu na namna nilivyokitengeneza, kwa sababu watu wa hapa Nchelenge wanasimulia sehemu ya kwanza peke yake, na wanaisimulia vibaya.

Bwana wangu ni fotografe. Sisemi alikuwa. Ni fotografe. Tulivuka ziwa zamani, wakati wa vita, tukitoka ng'ambo ya Congo, yeye na kamera ndani ya shati, mimi na kichwa cha mashini ndani ya besheni, watoto juu ya mizigo. Wengine walivuka na magodoro. Sisi tulivuka na kazi.

Kamera yenyewe ni ya chuma, ya zamani, ya kutia filme. Haina batri. Filme tunaletewa na binti yetu wa Lubumbashi, kwa sababu huko kungali studio moja ya kizamani inayozisafisha. Filme ikijaa tunaipa mufanyabiashara wa kuaminika anayevuka, na kisha majuma mawili, matatu, foto zinarudi ndani ya bahasha. Ninajua mutakachosema: siku hizi kila mutoto iko na simu, na simu inapiga foto. Ndiyo, inapiga. Lakini foto ya simu inakaa mu simu, na simu inaanguka mu ziwa. Ingia nyumba yoyote ya kivuko chetu, uangalie ukutani. Ile foto ya ubatizo, ile ya marehemu nyanya, ile ya mutumbwi mupya, zote ni za muzee wangu.

Na kuko foto moja inayopita zote. Kila mwaka serikali inafunga ziwa miezi mitatu, samaki wazae. Mitumbwi inapandishwa juu ya muchanga, nyavu zinashonwa, watu wanakula mihogo na maneno. Asubuhi ya kufungua, mbele mutumbwi wa kwanza haujagusa maji, wavuvi wote wa kivuko wanasimama mbele ya mitumbwi yao na muzee anawapiga foto. Moja tu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hakuna anayeivunja. Wanasema mwaka usio na foto ni mwaka wa nyavu tupu. Mimi siamini, mimi ni mutu wa kanisa. Lakini nimeona wanaume wenye ndevu wamesimama kwa upepo, kasia mu mukono, maji iko pale mbele yao, wanangoja muzee mumoja mwembamba amalize kufungua koti lake.

Miaka mitatu iliyopita mikono yake ilianza kutetemeka. Mukono wa kuume kwanza, halafu yote miwili. Ku hospitali walisema ni ugonjwa wa wazee, wakampa vidonge, vidonge vikamupa usingizi. Foto zikaanza kurudi kutoka Lubumbashi zimechafuka: uso mumoja na pua mbili, bibi-arusi kama moshi. Watu walizichukua kwa heshima, wakaziweka chini ya godoro.

Halafu yeye mwenyewe akakumbuka ule mukono mudogo.

Mbele ya kamera, pembeni ya kioo, kuko mukono mudogo wa chuma, mufupi kama ukucha. Unauvuta chini, unafinya pa kufinyia, na ule mukono unarudi pole pole, unalia krrrr kama mende ndani ya kiberiti, kisha kamera inapiga yenyewe. Yeye anauita kwa Kifaransa, retaradatere. Mafotografe wengine wanautumia ili wakimbie, waingie mu foto na wenzao. Muzee wangu aliutumia kwa jambo lingine. Aliweka kamera juu ya miguu yake mitatu ya kusimamia, akafinya, kisha akaondoa mikono yote miwili, akaiweka nyuma ya mugongo. Kamera ikapiga bila kuguswa. Foto ikarudi safi, pua moja moja.

Kwa hiyo mujue hivi: bila ule mukono mudogo, bwana wangu hakuwa na kazi tena. Mimi nilijua hivyo kuliko mutu yeyote, na bado nilifanya nilichofanya.

Ilikuwa wakati wa baridi. Mukono mudogo ukaanza uvivu. Ulilia, unasimama, unalia tena. Muzee alikuwa anaupulizia pumzi kama mutu anayewasha moto. Siku moja alienda ku kikao cha wazee wa kanisa, akaacha kamera juu ya meza yangu.

Sisi watu wa ng'ambo tuko na mawese kwa kila jambo. Tunapikia maharagwe, tunapaka mutoto aliyezaliwa, tunaweka juu ya kidonda cha moto. Mulango ukilia, mawese. Kufuli ikikataa, mawese. Mashini yangu sikuipaka mawese hata siku moja, maana mashini iko na mafuta yake. Lakini ile siku kichupa cha mafuta ya mashini kilikuwa kikavu, na mawese yalikuwa pale jikoni, mu kikombe, mekundu. Nikachukua nyoya ya kuku. Nikadondosha matone mawili pa shina la ule mukono. Nikauvuta, nikauachilia, nikauvuta. Ukaenda kama maji.

Muzee aliporudi akajaribu, akasimama na kofia yake mu mukono.

Alisema, "Imepona yenyewe. Mungu amesikia."

Nikasema amina.

Ilienda vizuri mpaka miezi ile ya joto, na katika juma lile lile walilopandisha mitumbwi juu ya muchanga, ikakwama. Tulikuwa na mama mumoja aliyeleta mapacha wapigwe foto. Muzee akavuta mukono mudogo, akafinya. Krr, halafu kimya. Mukono ukasimama katikati ya njia, haupandi, haushuki, na kamera ikakataa hata kupiga bila huo. Akausukuma na kidole. Kidole kinatetemeka, kikateleza, kikakwaruza chuma. Akamwomba yule mama musamaha, akamurudisha na mapacha wake. Halafu akaangalia mikono yake, upande mumoja, upande mwingine, kama mutu anayeangalia viatu vya mwizi.

Akasema, "Ni hii mikono. Imevunja."

Nilikuwa nimeshika pasi ya makaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaendelea kupiga pasi. Ile suruali niliipiga pasi mara tatu, na mwenyewe alipoichukua akasema haijapata kuwa na mustari mukali namna ile.

Muzee akafungia kamera mu kabati. Tangu siku ile akahamia nyuma ya nyumba, pa kivuli cha ukuta, na akaanza kukalia mikono yake kama mutoto aliyeiba sukari. Watu wakija kumusalimia alikuwa anainamisha kichwa tu, mikono haitoi. Kula, alikula wakati hakuna mutu. Mimi nilipita na besheni, nikapita na ufagio, na kila nikipita ulimi wangu ulikuwa muzito. Mimi ni mutu wa kusema. Kwa watoto wangu, kwa wakwe, kwa muchungaji hata, nikiona kosa nalisema. La kwangu lilinishinda.

Yalipobaki majuma mawili ziwa lifunguliwe, akaja mukubwa wa wavuvi. Ni Mubemba, mwanaume mupana, anasema Kiswahili cha kuuzia samaki. Akapiga magoti kidogo mbele ya muzee namna wanavyofanya kwa heshima, akamwambia wanamungoja, avae lile koti lake. Mimi nilikuwa ndani, mguu juu ya mashini, dirisha wazi.

Muzee akasema, "Mutafute mutu wa simu. Mikono yangu imeua kamera."

Yule mwanaume akacheka, akidhani ni mchezo. Halafu akaona si mchezo.

"Bashikulu," akasema, yaani babu, "simu tunazo arobaini pale chini. Kama simu ingetosha, ningefanya nini hapa na magoti yangu mu muchanga?"

Mukubwa wa wavuvi akangoja, akasimama, akapangusa magoti, akaenda. Mguu wangu ulikuwa umesimama juu ya mashini, sindano ndani ya kitambaa. Mikono yangu imeua kamera. Neno lile lilikuwa langu, na alikuwa analibeba yeye.

Kesho yake nikatoa kamera mu kabati, nikaifunga ndani ya kitenge, nikaiweka chini ya vitambaa mu kikapo, nikaenda soko la Kashikishi, kwa fundi wa saa. Iko na kibanda cha bati na kioo cheusi anachobana mu jicho. Jirani yake ni mama wa chumvi na chisense kavu, zile samaki ndogo za ziwa letu, na mbele yao hapakosi watu wa kukaa bure.

Fundi akaangalia kamera, akaigeuza, akavuta mukono mudogo, ukakataa. Akachukua sindano, akaingiza pale pa shina, akatoa kitu kidogo cha rangi ya machungwa. Akakinusa.

"Mayo," akaniuliza, yaani mama, "munapikaka mu hii kamera?"

Nikamwambia afanye kazi, aache maneno. Akamupa mama wa chumvi anuse sindano. Yule mama akanusa, akafunga macho.

"Mawese," akasema. "Imebaki kuleta nshima tu," yaani ugali.

Basi wale wa kukaa bure wakapata chakula chao cha siku. Mumoja akauliza kama maharagwe yako ndani. Mwingine akasema Wakongomani wakifa wanapakwa mawese ili waende mbinguni bila kukwama. Mimi nilisimama. Sikucheka, sikukasirika. Ni kwamba mpaka ile saa nilikuwa ninashuku tu. Sasa ile sindano ilipita mpaka pua yangu, nikanusa mwenyewe.

Fundi akapangusa sindano, akasema, "Hii ni maiti, mayo. Maiti iliyopakwa mafuta vizuri. Uniachie, nichukue kioo chake."

Nikamuuliza kama hawezi kuifungua. Akasema ndani kuko magurudumu madogo kama mbegu za tumbako, moja likiruka halirudi, na yeye hataki kesi na muzee. Nikamuuliza jambo lingine moja: saa ikikauka mafuta ndani, yeye anaioshaka na nini?

"Esanse tu, ile petroli. Na mukono usiotetemeka."

Hakujua alichokuwa anasema, yule fundi. Nikachukua kamera juu ya meza yake.

"Huo mukono ninao," nikamwambia, nikaenda.

Sasa musikilize vizuri, maana hii njo sehemu wasiyoisimulia.

Mushonaji hakati kitambaa mbele ya kuchora. Nikafunga mulango wa mbele, nikatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya mashini, nikachukua chaki yangu. Nikachora kamera namna ilivyo, duara kubwa la kioo, mukono mudogo pembeni, kila visi, yaani skrubu, pa mahali pake. Kila kitu nilichotoa nilikiweka juu ya mchoro wake. Hivi njo ninavyofungua koti la mutu ili nilipunguze: mukono wa kushoto unakaa kushoto, kola inakaa juu, hakuna kuuliza baadaye.

Kuzunguka kioo kuko pete ya chuma yenye vishimo viwili. Turunevisi, ile bisibisi, haingii pale. Nikachukua mukasi wangu mukubwa, nikaufungua kidogo, ncha moja mu kishimo kimoja, ncha nyingine mu kingine, nikazungusha. Ilikataa. Nikatia nguvu ya kukata suruali ya jinzi. Ilikataa. Nikaacha, nikanywa maji, nikasali kifupi, nikarudi bila hasira. Ikatii. Chini ya pete kulikuwa sahani nyembamba ya chuma na visi tatu, na zile nilizitoa na turunevisi ndogo ya mashini, nikishika pumzi. Visi moja ikaruka. Nikaifuata chini ya meza na sumaku ninayookotea sindano, ikaja.

Nikainua ile sahani.

Nimeona vitu vizuri katika maisha yangu, lakini sijaona kitu kimeshonwa namna ile. Magurudumu manne, matano, yenye meno, moja linasukuma lingine, na mwisho kachuma kadogo kama ulimi wa ndege kanakopiga huku na huku ili yote yasikimbie. Krrrr ni kale kaulimi. Na juu ya ile kazi yote, kwenye kila jino, kulikuwa uji wa rangi ya machungwa, umeshika vumbi na nyuzi na hata gamba moja la samaki. Rangi ya kikombe changu.

Nilikaa pale nikiangalia. Kisha nikaenda kutafuta esanse.

Nilishuka ku kivuko, kwa muuzaji wa kwanza, nikajaza kichupa. Nikarudi, nikachovya nyoya mupya ya kuku, nikaosha. Mawese yakayeyuka, yakashuka juu ya kitambaa changu cheupe kama jua linazama. Nikagusa mukono mudogo na ncha ya sindano. Ukaenda. Krrrr, mpaka mwisho. Nikainua mikono kama mu kanisa, peke yangu mu chumba.

Furaha ya haraka ni ya mujinga. Nilipika, nilifua, nikarudi mbele jua halijashuka, nikajaribu tena. Krr, halafu kimya. Pale pale katikati. Nikagusa magurudumu na kidole: yanateleza. Esanse yote inakauka, hii haikukauka. Nikanusa kichupa, na hapo nikajipiga paji la uso. Injini za boti zinakunywa esanse iliyochanganywa na mafuta. Wauzaji wa kivuko wanaichanganya asubuhi na mapema, hata mutoto anajua. Nilikuwa ninaosha mafuta na mafuta. Mutu wa mujini asingefanya lile kosa. Ni sisi tu wa hapa, tunaosahau kwamba kuko esanse isiyojua ziwa.

Asubuhi nikapanda mpaka barabarani, kwa vijana wa pikipiki. Pikipiki zao hazichanganyi. "Kambo," mumoja akaniuliza, yaani nyanya, "umenunua pikipiki?"

Nikamwambia ndiyo, iko na miguu mitatu. Akanijazia kichupa akiwa bado anafikiri.

Niliosha mara tatu. Kila mara niliacha ikauke kabisa, dirisha wazi, na kipande cha tule, kile kitambaa cha wavu cha bibi-arusi, juu kuzuia vumbi, na nilikatazwa na mimi mwenyewe kugusa. Mara ya tatu kitambaa kilibaki cheupe. Kichupa kipya cha mafuta ya mashini kilikuwa mbele yangu, nilikuwa nimeshakinunua, na mukono wangu ukakifuata. Miaka yangu yote nimeamini kwamba kitu kinachosimama kinataka mafuta. Nikakirudisha kichupa mu kikapo. Ile kitu haikutaka mafuta yangu. Ilitaka kuachwa safi.

Nikarudisha sahani, visi, pete, nikifuata chaki. Kwenye kitambaa hakikubaki kitu. Nikavuta mukono mudogo, nikafinya.

Krrrrrrr. Tak.

Sikuinua mikono tena. Nikajaribu mara ya pili. Nikafagia nyumba yote, makusudi, nikarudi, mara ya tatu. Krrrrrrr, tak. Mara ya ine, ya tano. Pa ya sita nikasikia kiti kinasogea nyuma ya nyumba.

Akatokea mulangoni, muzee wangu, mikono ndani ya makwapa. Ile sauti anaijua kuliko sauti ya mama yake. Akaangalia kamera, akaangalia mukasi, kitambaa, mchoro wa chaki, akaniangalia mimi. Nilikuwa nimejitengenezea maneno mengi. Yote yakanitoroka, yakabaki yale ya lazima.

"Kamera ni miye niliiua," nikamwambia. "Niliitia mawese. Mikono yako haikufanya kitu."

Hakusogea.

"Lini?"

"Wakati wa baridi. Ile siku ulishukuru Mungu."

"Na ulisema amina."

"Nilisema amina."

Mimi sikuinamisha kichwa, kwa sababu mutu akikosa aangaliwe usoni. Halafu akavuta kiti changu cha mashini, akakaa, akatoa mikono mu makwapa na kuiweka juu ya magoti, wazi, mbele yangu. Ilikuwa inatetemeka kama samaki wawili mu besheni.

"Miezi mitatu nimeitukana hii mikono," akasema. "Miye sina neno na wewe. Omba hii musamaha."

Watu wanaonijua wanajua siombi musamaha ovyo. Nikapiga magoti pa saruji, na magoti yangu si ya kuchezea. Nikashika ile mikono, wa kuume na wa kushoto. Nikaiambia kwamba nilikosa. Kwamba niliinyamazia. Kwamba ni mikono ya kazi, ilitulisha na kutuvusha, na hakuna siku iliharibu kitu. Niliiambia hayo yote kwa sauti, mimi, mbele ya mulango wazi.

Akangoja nimalize. Halafu akasema ningali nakaa mbele ya kamera yake, nitoke.

Alivuta mukono mudogo mwenyewe, na kidole kinachocheza. Akafinya. Akaondoa mikono, akaiweka nyuma ya mugongo, akasimama wima kama askari. Krrrrrrr, tak. Akarudia. Akarudia mpaka ugali ukaungua, na mimi siku ile nilikula ugali wa kuungua bila kusema kitu. Asante hakuniambia. Nisingeitaka.

Asubuhi ya kufungua alivaa koti. Tulishuka mbele jua halijatoka vizuri, yeye na kamera kifuani, mimi na miguu mitatu juu ya bega. Mitumbwi ilikuwa imepangwa juu ya muchanga, pua zote zinaangalia maji, na wavuvi mbele yao, kumi kwa kumi, na nyuma yao wamama na mabesheni. Habari ilikuwa imeshatangulia, sijui nani aliipeleka; nashuku yule fundi wa saa. Mukubwa wa wavuvi akaja kumupokea.

"Bashikulu, kamera imefufuka?"

"Haikufa," muzee akasema, na akasema kwa nguvu ili wote wasikie. "Bibi yangu aliikaanga kidogo, akaona haiivi, akaiosha."

Kivuko chote kilicheka. Wale wamama wa mabesheni waliinama. Mimi nilishikilia miguu mitatu, uso wangu ule ule. Alikuwa amesema "bibi yangu" mbele ya watu wote wale kwa sauti ambayo sikuisikia tangu mikono yake ianze, na kwa hiyo niliwaachia wacheke.

Nikachimba muchanga, nikasimamisha miguu mitatu, yeye akafunga kamera juu. Akaangalia ndani, akaniambia jua ni dogo, itabidi kamera ifungue jicho muda murefu kidogo. Halafu akageukia wale wanaume na kuanza kuwatawala kama zamani: wewe muguu ndani, wewe kofia, wewe murefu nenda nyuma, mwenye simu aiweke mu mufuko. Akawaambia wakisikia sauti wasipumue. Wanaume wanaopigana na mawimbi wakasimama kama watoto wa ubatizo.

Akavuta. Akafinya. Akarudi hatua mbili, mikono nyuma.

Upepo ulikuwa umetulia na wale wa mbele waliisikia. Krrrrrrr. Ni muda mufupi, unaweza kusema Baba Yetu mpaka pa mukate wa kila siku. Niliuhesabu wote ndani ya tumbo. Nilipita ile mahali pa katikati, ile mahali pa kukwama, na sauti haikukatika.

Tak.

"Imekwisha," muzee akasema. "Muende."

Wakapiga yowe, wakashika mitumbwi, na muchanga wote ukaondoka na wao mu maji.

Bahasha ilirudi kutoka Lubumbashi kisha majuma matatu. Nilimwachia aifungue mwenyewe. Alipasua nusu ya karatasi na sikumusaidia. Tukaiweka foto juu ya meza ya mashini, pa mwanga. Mitumbwi imetoka safi. Misumari unaihesabu. Kamba unaona namna ilivyosokotwa. Mukubwa wa wavuvi yuko pale na kila ndevu yake. Lakini ku upande wa kushoto, wale vijana wa mutumbwi wa mwisho, watatu, walishindwa kungoja, walisukumana, na mu foto nyuso zao ni moshi mutupu, pua mbili, macho matatu.

Muzee akaweka kidole chake juu yao. Kidole kikachezacheza juu ya karatasi, kwa mumoja, kwa wa pili, kwa wa tatu.

"Angalia," akaniambia. "Leo ni wao njo wanatetemeka."

Akacheka mpaka nikamuletea maji.